Biashara inafuata miguu: namna ramani ya ordinatere inaonyesha fasi wanunuzi wanapita

Kwa nini mama anayeuza sambaza kando ya barabara anafukuzwa asubuhi, na ikifika jioni amesharudia pale pale? Katika miji mingi ya Kongo, kuanzia Bukavu hadi Lubumbashi na Kinshasa, swali hili linarudi kila mara viongozi wanapotangaza kwamba masoko ya pirate yanafungwa. Wengine wanasema ni kichwa kigumu. Wengine wanasema ni kukosa kuheshimu sheria. Mama mwenyewe, ukimuuliza, jibu lake ni fupi: kule ndani ya soko watu hawapiti.

Hilo jibu linaweza kupimwa. Wenye kufanya mipango ya miji wako na kazi moja ambayo huku kwetu haijulikani sana: kuhesabu watu wenye kutembea kwa miguu katika fasi za biashara, kisha kuweka hesabu hiyo juu ya ramani ndani ya ordinatere. Ramani inatoka na rangi. Njia yenye watu wengi inakuwa nene na nyekundu, njia yenye watu wachache inabaki nyembamba sawa uzi. Mutu ambaye hajasoma sana akiiangalia anaona mara moja muji unapumulia wapi.

Na hapo ndipo mambo yanakuwa mazito, juu mwenye kuwa na ile ramani anaweza kufanya vitu viwili. Anaweza kumuweka muuzaji fasi miguu inapita. Ao anaweza kuhamisha miguu na kumuacha muuzaji peke yake na meza yake.

Kazi inaanza na kalamu

Watu wakisikia neno programu wanawaza mashine za bei kali. Lakini ordinatere haiwezi kuona mutu. Kwanza lazima mutu mwengine asimame barabarani na ahesabu.

Namna inafanyika ni hivi. Mwenye kuhesabu anachagua fasi, anachora katika akili yake mstari unaokata njia toka ukuta mmoja hadi ukuta wa pili. Kila mutu anayevuka ule mstari, akienda ao akirudi, anatiwa alama kwenye karatasi. Dakika tano zinatosha. Tuseme wamepita watu 42 katika dakika tano: unazidisha mara 12, unapata watu 504 kwa saa moja. Anahama, anaenda kwenye mstari wa pili, kisha wa tatu, kiasi kwamba ndani ya saa moja mutu mmoja anaweza kupitia fasi tano ao sita. Kesho yake wanarudia, lakini kwa saa zingine, juu barabara ya saa moja asubuhi si ile ya saa kumi na moja jioni. Siku ya posho haifanani na siku ya tatu. Mwisho wa mwezi, wakati wenye mishahara wamelipwa, haufanani na katikati ya mwezi. Na mvua ikinyesha, hesabu yote inaanguka, kwa hiyo lazima iandikwe kwamba kulikuwa mvua.

Si kila muguu ni wa mununuzi. Wanafunzi 300 wenye kutoka masomo saa sita wanaweza kujaza njia na wasiache hata franga moja. Mama mwenye kubeba gunia mgongoni, kamba kwenye paji la uso, hawezi kusimama kuangalia viatu; anataka kufika atue mzigo. Ndiyo maana wenye kazi hii hawahesabu tu wenye kupita. Wanapitia njia ile ile mara ya pili na kuandika waliosimama: nani anaongea, nani anaangalia bidhaa, nani ameketi. Fasi yenye watu wengi wanaopita lakini hakuna anayesimama ni mbaya kwa biashara, hata kama kwa macho inaonekana nzuri. Mara nyingi ni fasi nyembamba mno, moto zinapita karibu, na kila mutu anashika mfuko wake juu ya wezi.

Muji ambao ulifanya kazi hii ijulikane ni Copenhagen, katika inchi ya Denmark. Mwaka wa 1962 wakubwa wa muji walifungia magari barabara ya maduka inayoitwa Strøget. Wenye maduka walilalamika. Waliona kwamba bila magari wateja hawatafika, na kwamba baridi ya kule haimruhusu mutu kutembea-tembea inje. Fundi wa kuchora majengo, Jan Gehl, pamoja na wanafunzi wake, walienda kuhesabu katika miaka ile ile ya 1960, na hesabu ikaendelea miaka na miaka. Watu walizidi, hawakupunguka. Leo Strøget ni moja ya barabara za maduka zinazojulikana sana Ulaya. Bila zile karatasi za hesabu, ugomvi ungebaki wa maneno: huyu anasema wateja wamepotea, yule anasema wameongezeka.

Toka karatasi hadi ramani

Hatua ya pili ni ordinatere, na hapa kuna habari njema kwa wenye mfuko mwepesi. Programu inayotumiwa sana kwa kazi ya ramani, QGIS, ni ya bure. Ilianza mwaka wa 2002, na inatumiwa na vyuo vikuu, ma-ONG na hata serikali. Inaweza kuingia katika ordinatere ya kawaida, ile ambayo mwanafunzi wa chuo anabeba ndani ya mfuko.

Ramani ya chini, yaani barabara na nyumba, nayo inapatikana bure. OpenStreetMap ilianzishwa Uingereza mwaka wa 2004, na kila mutu anaweza kuongeza njia ya kwao. Watu wa Kivu ya Kaskazini waliguswa na kazi hiyo bila pengine kujua. Wakati wa Ebola huko Beni na Butembo, kuanzia mwaka wa 2018, watu wa kujitolea waliketi mbele ya ordinatere zao, wengine wako mbali sana na Kongo, wakachora nyumba na njia kwa kufuata picha za satelite, ili timu za afya zijue zinaenda wapi. Zile njia walizochora bado ziko kwenye ramani.

Kinachobaki ni kuunganisha hesabu na fasi. Vijana wengi wa Bukavu na Goma wanajua kazi hii kuliko wanavyofikiri, juu walishafanya enketi za ma-ONG kwa kutumia Kobo ndani ya telefone. Unafungua fomu, telefone inachukua GPS ya fasi umesimama, unaandika saa, hali ya hewa, idadi ya wanaume, wanawake na watoto, unatuma. Jioni zile fomu zote zinaingia katika QGIS na kila fasi inakuwa kitone juu ya ramani. Ukiiambia programu ikuze kitone kufuatana na hesabu, vitone vya watu wengi vinavimba. Kisha unaongeza vitu vingine: parkingi za taksi, makanisa, mashule, bomba za maji, hospitali. Hapo ndipo ramani inaanza kusema. Mutu anaona kwamba ule mstari mwekundu hautoki sokoni. Unatoka parkingi, unapita nyuma ya soko kwa njia ya mkato, na unaishia kwenye ngazi ambazo hakuna kiongozi aliwahi kuziweka katika mupango wa muji.

Bukavu ni mfano mzuri wa shida hiyo. Ni muji wa vilima juu ya ziwa. Kufika soko ya Kadutu, mutu wa gari anafuata barabara inayozunguka, lakini mutu wa miguu anakata moja kwa moja, anapanda kati ya nyumba za watu. Zile njia za mkato nyingi haziko na jina. Satelite haizioni vizuri, juu mabati ya nyumba yamezifunika. Kwa hiyo ramani ya Bukavu ambayo haikuwekewa njia za mkato ni ramani ya magari tu, na ukiitumia kupanga soko utakosea. Dawa yake ni viatu: vijana wanatembea ile njia na telefone mkononi, GPS inachora nyuma yao.

Miguu ao maduka, nini kilitangulia?

Kuna programu zingine ambazo zinajaribu kukadiria miguu kabla hata mutu hajahesabiwa. Zilitoka katika chuo kikuu cha University College London, ambako Bill Hillier na Julienne Hanson walitoa kitabu chao The Social Logic of Space mwaka wa 1984. Katika chuo hicho hicho Alasdair Turner alitengeneza programu ya Depthmap, na leo ile inayoitwa depthmapX inapatikana bure.

Wazo lao ni rahisi kulielewa kwa mutu anayejua muji wake. Chukua barabara moja. Jiulize: toka hapa, ili nifike barabara zingine zote za muji, nitageuka kona mara ngapi? Kuna barabara ambazo toka kwazo unafika karibu kila fasi kwa kugeuka mara moja ao mbili. Avenue Patrice Lumumba ya Bukavu ni ya namna hiyo: mutu akipotea, anatafuta kwanza kurudi pale. Kuna zingine ambazo ili uzifikie lazima ugeuke mara tano, sita, halafu unakuta ukuta. Programu inafanya ile hesabu kwa barabara zote, inapaka nyekundu zile za kugeuka kidogo na buluu zile zilizojificha. Katika miji mingi iliyopimwa, nyekundu za programu zinakaribia nyekundu za watu waliohesabiwa kweli.

Mwaka wa 1993 Hillier na wenzake waliandika kwamba sura ya barabara ndiyo inaanza kuleta miguu, kisha maduka yanakuja kufuata ile miguu, na maduka yakishafika yanaleta miguu ingine juu ya ile ya kwanza. Kwa lugha ya sokoni: mama hakuleta watu pale kona. Aliwakuta wanapita, akatandika kitambaa chake. Mwenzake akaja, wa tatu akaja, na sasa kuna watu wanaotoka mbali kwa sababu yao.

Hii inaeleza kwa nini masoko mapya mengi yanabaki matupu. Yanajengwa fasi kuna kiwanja, na kiwanja cha bei rahisi kwa kawaida ni kile kiko mbali na miguu. Meza ni za simenti, paa ni jipya, vyoo viko, na mama anakaa pale tangu asubuhi nyanya zinalainika. Baada ya wiki mbili anachukua beseni yake anarudi barabarani. Si adabu alikosa.

Lakini zile programu hazijui yote. Zilianzia katika miji ya Ulaya, na kilima hazikihesabu vizuri. Kwa ordinatere, njia iliyonyooka ni njia iliyonyooka, hata kama inapanda sawa ngazi ya nyumba. Mama mwenye ndizi kichwani anajua tofauti. Hazijui pia kwamba fasi fulani, ikishapita saa kumi na mbili jioni, watu wanaikwepa juu ya usalama. Ndiyo maana hesabu ya mutu mwenye kusimama barabarani haiwezi kuachwa. Programu inasaidia kujua wapi uanze kusimama.

Durban: wakati miguu ilitaka kuhamishwa

Mfano ambao wauzaji wa Kongo wangefaidika kuujua uko katika Afrika Kusini, muji wa Durban, fasi inayoitwa Warwick Junction. Ni kituo kikubwa cha gari moshi, basi na taksi. Kwa siku moja wanapita watu karibu 460 000. Kati ya miguu hiyo kuna wauzaji kati ya 5 000 na 8 000: wenye dawa za mizizi, wenye mboga, wenye mahindi ya kuchemsha, wenye kupika vichwa vya ng'ombe, wenye shanga.

Kuanzia mwaka wa 1995 muji wa Durban ulifanya pale kitu ambacho hakikuwa cha kawaida. Badala ya kuanza na kufukuza, wafanyakazi wa muji walianza na kuangalia na kujadiliana na wauzaji wenyewe. Wauzaji wa dawa za mizizi walikuwa chini, kando ya barabara, kwa mvua na kwa jua. Juu ya vichwa vyao kulikuwa kipande cha barabara ya juu, daraja la simenti lililojengwa kwa magari lakini halikumalizwa wala kutumiwa. Walipewa pale. Kama mambo yangeishia hapo, lingekuwa soko tupu lingine. Lakini daraja la watembea kwa miguu lilijengwa kuunganisha ile fasi na njia ambazo wasafiri walikuwa wanapita, kwa hiyo miguu ikapanda nao. Soko ya mizizi ikaishi.

Mwaka wa 2009, Kombe la Dunia likiwa linakaribia, mupango mwengine ukatokea. Viongozi wa muji walikubali jengo kubwa la maduka lijengwe pale kuna soko ya asubuhi, Early Morning Market, soko ambayo ilikuwa inakaribia kufikisha miaka 100. Wengi waliona shida ya wauzaji wa ndani ya soko tu, wale wangetolewa. Lakini mupango ulikuwa unagusa hata parkingi: taksi na basi zingepangwa upya kiasi kwamba wasafiri wapitie kwanza mbele ya jengo jipya. Yaani hata muuzaji ambaye meza yake haikuguswa, aliyebaki pale pale kwenye kona yake, angeamka siku moja anakuta wateja wake wanapita kwengine. Hakuna polisi angemfukuza. Angefukuzwa na ramani.

Wauzaji waliandamana, wakaenda mahakamani wakisaidiwa na mawakili wa Legal Resources Centre. Asiye eTafuleni, shirika lililoanzishwa mwaka wa 2008 na Richard Dobson na Patrick Ndlovu, watu ambao walishafanya kazi Warwick upande wa muji, lilisimama nao. Ile namba ya watu 460 000 ikawa inarudiwa kila fasi, juu ilionyesha kwamba kinachogombewa si kiwanja. Ni miguu. Mwaka wa 2011 baraza la muji likafuta uamuzi wake, na soko ikabaki.

Nani anashika ramani?

Viongozi nao wako na haki katika hii kesi, lazima isemwe. Meza zikijaza kando ya barabara, mutu wa miguu anashuka katikati ya magari, na ajali zinatokea. Moto ikitokea kwenye nyumba, gari ya kuzima haipiti. Kuhesabu miguu hakusemi kwamba kila muuzaji abaki fasi yuko. Kunasaidia kujua ni upande gani wa barabara unaweza kubeba meza, ni mita ngapi zibaki wazi, na kama wauzaji wanahamishwa, ni njia gani ya miguu ihamishwe pamoja nao. Mara nyingi inatosha kusogeza parkingi, ao kufungua mlango wa pili wa soko upande wa njia ya mkato. Kinshasa, soko kubwa ya Zando ilipofungwa Januari 2021 ili ijengwe upya, wauzaji wengi walijaza avenue za pembeni. Hawakutawanyika ovyo; walifuata fasi wateja walizoea kupita.

Hatari nyingine inakuja toka upande ambao watu hawaangalii. Ramani ikionyesha kwamba kona fulani iko na watu wengi, mwenye nyumba wa pale anapandisha bei ya kupanga. Mwenye kukusanya kodi ya kila siku naye anajua sasa aanzie wapi. Kwa hiyo wauzaji wakikubali kuhesabiwa, wanapashwa kuwa na nakala ya ramani mkononi mwao, si kuisikia tu kwenye mukutano.

Kuna pia namna za kuhesabu ambazo hazifai bila ruhusa. Melbourne, Australia, tangu mwaka wa 2009 kuna vyombo vya kuhesabu miguu vilivyofungwa juu ya barabara. Vinatoa namba kwa kila saa, na muji unazitangaza bure kwa kila mutu. Hakuna jina, ni hesabu tu. London ilikuwa tofauti. Mwaka wa 2013 ilijulikana kwamba mapipa fulani ya taka katika barabara za maduka yalikuwa yanashika alama za telefone za wapita njia bila wao kujua. Watu wakakasirika, na wakubwa wa eneo wakaamuru kazi isimame. Kwa miji ya mashariki ya Kongo, jambo hili si mchezo. Kijana anayesimama na telefone kwenye rond-point akiandika-andika anaweza kuchukuliwa kuwa mpelelezi. Kalamu na karatasi zinatisha kidogo kuliko kamera. Na kabla ya kuanza, chefu wa kartie na komite ya soko lazima wajulishwe, wenye kuhesabu wavae fulana ya rangi moja, na wasipige picha ya mutu.

Kwa soko moja ya kawaida, vijana kumi na mistari thelathini wanatosha, kwa siku nne: mbili za kazi, posho moja, na siku moja ya mwisho wa mwezi. Fomu inaandikwa jina la njia kama iko nalo, saa, mvua ao jua, wenye kwenda, wenye kurudi, wenye kusimama. Ikiwa kuna mupango wa kuhamisha wauzaji, hesabu ya kwanza inafanyika kabla meza hata moja haijaguswa. Miezi mitatu kisha, wanarudi kwenye mistari ile ile, saa zile zile, na ramani ya pili inawekwa kando ya ile ya kwanza.